Jina Lililobaki Kwenye Ungo

Kaeni, wapendwa. Leo sijaja na pointi tatu. Nimekuja na mama mmoja, na ombi moja: mtu asicheke mpaka nimalize. Nikishamaliza, atakayeweza kucheka na acheke.

Palikuwa na mama mmoja, katika kijiji cha migomba huko milimani, aliyekuwa akizaa na kuzika. Alizaa wa kwanza, akamzika kabla hajaota jino. Wa pili akaota meno, akajua kucheka, akaanza kusimama kwa kushika kigoda, naye akazikwa. Wa tatu hakuwahi hata kupewa jina. Naomba msikimbilie mbele. Kaeni kidogo ndani ya nyumba ile, yenye vinguo vidogo vimekunjwa vizuri na hakuna wa kuvivaa, halafu ndiyo tuendelee.

Mimba ya nne ilipoonekana, hakuna aliyempongeza. Wanawake wa kijiji walijua la kufanya, maana mama zao nao walilifanya. Mtoto alipozaliwa, wakangoja jua lipande ili kila mtu aone. Wakamlaza kwenye ungo, ungo huuhuu wa kupepetea, wakampeleka nyuma ya nyumba, jalalani. Kwenye majivu, maganda ya ndizi na magunzi ya jana. Wakamwacha pale, wakarudi nyuma hatua kadhaa.

Mama akasimama mlangoni. Ilikuwa lazima aseme, na ilikuwa lazima aseme kwa sauti. Akasema, "Sina haja na kile. Si kitu."

Jirani yake, mwanamke ambaye hakuwahi kufiwa na mtoto na ndiyo sababu akachaguliwa, akapita pale kama mtu mwenye safari zake. Akasimama, akainama, akauliza hewani ni nani aliyetupa hiki. Hakuna aliyejibu. "Basi nimekiokota," akasema. "Ni changu." Akaunyanyua ungo, akaenda nao kwake.

Baadaye siku hiyohiyo alirudi na mtoto kifuani, akamwomba yule mama amsaidie kunyonyesha, kwa kuwa yeye hakuwa na maziwa. Mnaielewa hiyo? Mama aliombwa amnyonyeshe mwanawe mwenyewe kama fadhila ya ujirani. Na akakubali kama mtu anayekubali kuazima chumvi, uso mkavu, huku maziwa yakiwa yameshalowesha khanga.

Mtoto akaitwa lilelile lililosemwa mlangoni. Sikitu.

Kwa nini? Kwa sababu kijijini pale walisema kifo hupita nyumba kwa nyumba kikichagua vizuri. Kikibisha hodi kikauliza hapa kuna nini, kijibiwe kuwa hapa hakuna kitu. Kiende zake.

Lakini uongo huo ulikuwa na masharti yake, na mama ndiye aliyeyabeba. Tangu siku ile asimwite yule mtoto "mwanangu", si mbele ya watu wala wakiwa wawili jikoni. Akiulizwa ni wa nani, ajibu ni wa jirani, kamwokota. Mtoto akiugua, jirani ndiye anayempeleka zahanati, mama anafuata nyuma na chupa ya uji kama msaidizi. Mpaka lini? Mpaka binti atakapoolewa. Siku ya kuagwa kwake, yule jirani atakuja na ungo uleule, atauweka mapajani mwa mama, atasema mbele ya wote: nilimwokota, nimemlea, nakurudishia. Hapo ndipo mama atafungua mdomo aseme, "Huyu ni mwanangu." Na hapo ndipo atamtajia jina lake.

Ndiyo, jina alikuwa nalo. Alilichagua asubuhi ileile, akiwa amesimama mlangoni. Hakumwambia jirani, hakumwambia mume, hakulitamka hata alipokuwa peke yake shambani. Alilihifadhi. Mtu anaweza kuhifadhi jina miaka yote hiyo bila kulitamka? Wewe unayeshindwa kutunza siri ya rafiki yako mpaka vipindi viishe, jaribu kuwaza.

Mtoto akakua, analala kwa mama, na kama kijiji kizima anajua ni wa nani na kwamba kuna jina linamngoja siku ya kuagwa. Akaenda shule. Na shuleni mnajua kulivyo. Dirisha likivunjika, mmoja anauliza nani kavunja, wenzake wanaitikia kwa pamoja, "Sikitu!" Basi kama si kitu, hakuna aliyevunja, na darasa zima linaanguka kwa kicheko, mwalimu naye anageukia ubaoni ili wasimwone meno. Binti anarudi nyumbani macho mekundu, anamwandama mama jikoni. Anataka lile jina lingine. Anabembeleza apewe hata herufi ya kwanza tu, hatamwambia mtu. Mama anajiziba mdomo kwa pindo la khanga, kama anayezuia chafya, anamwashiria akachote maji.

Binti alikuwa na akili. Siku aliyopewa zawadi kwa kuongoza darasa, mwalimu mkuu alimwita mzazi aje mbele wapigwe picha. Jirani akasimama, akatembea, akapigwa picha. Mama alikuwa safu ya nyuma. Alipiga makofi kama mtu mwingine yeyote. Binti alimwona anavyopiga makofi, na kuna kitu siku ile kilimganda moyoni. Alimwelewa mama? Hapana. Alihesabu kwamba mama yake hakusimama. Alihesabu hivyo hivyo mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka akaacha kuomba herufi ya kwanza.

Akaja chuo. Chuo kama hiki, chenye vimbweta vya kusomea kama hivi na watu wanaokuuliza jina lako kabla hawajakuuliza umekula. Wiki ya kwanza akaona tamthilia moja kwenye simu ya mwenzake chumbani. Kulikuwa na mwanamke mmoja mle anayevaa miwani mikubwa na kuendesha gari jeupe, anaitwa Klaudia. Kesho yake binti akawa Klaudia. Hakuna aliyemuuliza maana yake. Klaudia ni Klaudia, jina linalotamkika vizuri, na likiitwa hakuna anayeangua kicheko. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliitikia jina lake bila kuinamisha kichwa. Sitamlaumu kwa hilo. Nani kati yetu angemlaumu? Ngojeni.

Akapata mchumba, kijana wa mjini, familia ya watu wanaokaa mezani na vitambaa vya mapajani. Siku ya kuagwa ikapangwa, ukumbi ukalipiwa, sare zikachaguliwa. Wiki hiyo binti akaenda kijijini. Alimkuta mama anaupaka ungo samadi ya ng'ombe kuziba matundu, kwa sababu ungo wa siku ile ulikuwa umeshachakaa na ilikuwa lazima uwe uleule. Jirani alikuwa ameuleta utengenezwe. Wazee wawili wale walikuwa na furaha ya watoto. Kila baada ya muda mama alinyanyua macho, akatazama barabarani, akacheka peke yake.

Binti akasimama pale na viatu vyake vya mjini. "Mama," akasema, "hayo mambo ya ungo siku ile yasiwepo."

Mama akaendelea kupaka kidogo, kama hajasikia. Kisha akasema, "Ni muda mfupi tu, mtoto wa jirani."

"Na hilo pia lisiwepo. Naitwa Klaudia. Wakwe zangu wakisikia niliokotwa jalalani, uso wangu nitauweka wapi?"

"Hukuokotwa," mama akasema. "Uliwekwa."

"Watajuaje tofauti, mama?"

Hebu mjibuni. Mmekaa hapo na degree zenu nusunusu. Mtoto aliyetupwa jalalani na mtoto aliyewekwa jalalani, mpita njia anajuaje tofauti? Kwa macho hajui. Majivu ni yaleyale. Itabidi amuulize yule aliyesimama mlangoni. Na yule wa mlangoni alikuwa amefungwa mdomo mpaka siku ile moja, na sasa anaombwa aikose hata siku hiyo.

Mama hakubishana. Alinawa mikono, akampikia ndizi, akamsindikiza mpaka stendi.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, kuna mshereheshaji mwenye koti linalometameta, kuna keki ya ngazi. Mama alikaa meza ya nyuma, amevaa sare kama wengine. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mama mzazi wa bi harusi mtarajiwa asimame, aje mbele, binti yake amlishe keki.

Mama hakusimama.

Msifikiri alikuwa na hasira. Sikilizeni. Mtoto hajarudishwa. Ungo haujaletwa. Yeye bado yuko kwenye ule uongo wake, amekaa ndani yake miaka yote hiyo, na kwa imani yake akisimama leo kabla hajarudishiwa mtoto, atakuwa amekionyesha kifo mahali pa kuja. Alishika kiti kwa mikono yote miwili. Angesimama kwa jambo lingine lolote. Kwa keki asingemhatarisha.

Mshereheshaji akarudia tangazo, akatia na utani, kwamba mama labda anaona aibu kulishwa na mtoto. Watu wakacheka. Wakwe wakaanza kugeuza shingo. Klaudia akasimama mbele pale na kisu cha keki mkononi, akamtazama mama yake aliyeganda kwenye kiti, na akaona kitu kilekile alichokiona shuleni: mama hasimami. Akageuka, akamwonyesha shangazi yake kwa kidole. Shangazi alikuwa amependeza, ana kilemba kirefu. Shangazi akaja mbele akicheza muziki, akalishwa keki, akapigwa picha.

Mama akapiga makofi kama mtu mwingine yeyote.

Wakati huohuo, getini, kuna bibi mmoja. Jirani. Alikuwa ameambiwa asije na amekuja. Alipanda basi la alfajiri na ungo kwapani, umefungwa kwenye khanga mpya ambayo bado ina karatasi ya dukani. Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu. Akamsalimu shikamoo, akamuuliza anaenda kwa nani.

"Kwa Sikitu," bibi akasema.

Mlinzi akamwambia kwa upole kwamba humu hamna Sikitu, sherehe ni ya Klaudia. Bibi akamwambia ndiye huyohuyo. Mlinzi akaomba kadi, bibi hakuwa nayo. Mlinzi, Mungu ambariki, hakumfukuza. Alimletea kiti, akamsimamisha msichana mmoja wa sare za bi harusi aliyekuwa anapita, akamtuma aulize ndani. Yule msichana akaenda mpaka meza ya mbele, akamwinamia Klaudia sikioni. Akamwambia kuna bibi getini ana ungo, anamtafuta Sikitu. Je, anamjua?

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, kiti cha pili. Aliuliza kwa tabasamu ni nani anatafutwa.

Na Klaudia akasema, "Sikitu? Hapa hakuna."

Nitarudia, maana naona wengine mmeinamia simu. Kifo kilipopita kuuliza, mama yake alisema hapa hakuna kitu, na kwa neno hilo mtoto akabaki. Leo upendo umekuja getini kuuliza, na mtoto anajibu kwa maneno ya mama yake. Hapa hakuna. Na upendo, ukiambiwa hivyo, unaweza kufanya nini? Haubomoi geti. Ulikaa kwenye kiti cha mlinzi, ungo mapajani.

Sherehe ikaisha. Gari la Klaudia likatoka kwa honi na taa, likapita karibu kabisa na kile kiti. Vioo vilikuwa vya giza. Mama akatoka kwa miguu na wengine, akamkuta jirani yake pale.

"Mwenyewe yuko wapi?" jirani akauliza.

"Ameshaondoka."

"Sasa nikurudishie ungo mtupu?"

Mama akauangalia ule ungo. Samadi ilikuwa imekauka vizuri, hakuna tundu hata moja. Akausukuma taratibu kurudi mapajani mwa mwenzake. "Kaa nao," akasema. "Bado ni wako. Akija siku moja kuuliza, akukute unao."

Wakaongozana kwenda stendi.

Na mpaka leo, ukienda kijiji kile ukimuuliza yule mama ana watoto wangapi, atakuambia hakujaliwa. Habari hiyo ilimfikia Klaudia. Alilia sana. Aliwaambia marafiki zake, mnaona, mama yangu mzazi ananikana. Marafiki wakamkumbatia, wakamwambia pole, wazazi wengine ndivyo walivyo.

Nawauliza nyinyi. Nani amemkana nani? Mwanamke mmoja anasema "sina mtoto" ili mtoto aishi. Mwingine anasema "hapa hakuna" ili keki isiharibike. Kwa masikio ni sentensi mbili zinazofanana. Na lile jina? Hakuna anayelijua. Binti aliyelililia jikoni alipelekewa mpaka getini ungo wa kulifungulia, hakutoka kwenda kuupokea. Mama atazeeka nalo. Siku akifumba macho, litazikwa, na litakuwa kama mtoto wa nne kuzikwa katika nyumba ile.

Najua kuna kaka pale katikati, namwona ameshakunja mikono, ana hoja. Hoja yake ni kwamba hizo ni mila za giza, kifo hakidanganywi kwa ungo na majivu. Kaka, nakubaliana nawe, shusha mikono. Kifo hakidanganyiki. Sijasimama hapa kufundisha jalala. Lakini wewe unabishana na ungo, na mimi nakuuliza habari za mama. Mtu akikimbia ndani ya nyumba inayoungua akiwa amevaa kandambili, utamsema kwa kandambili?

Na hoja ya pili naijua pia, maana mnaipenda sana. Kwamba ni sisi tu, watu wa huku, tunaowapa watoto majina ya ajabu, wenzetu majina yao ni ya nuru na ushindi. Haya. Kuna Klaudia hapa? Nawaona wawili, karibuni sana. Jina lenu lina asili ya Kilatini, linatokana na neno la mtu anayechechemea. Sesilia, ukoo wa jina lako unahusishwa na neno la upofu. Paulo, wewe ni mdogo, ndivyo jina linavyosema, japo umejaza mlango. Kennedy, usicheke, asili ya jina lako ni kule Ayalandi, na wengi wanaolichambua wanasema ni habari ya kichwa kibaya. Mbona kimya? Mlipokuwa mnayasikia yote yalikuwa mazuri, kwa sababu hamkuyaelewa. Hilo ndilo kosa la majina yetu: tunayaelewa.

Twendeni mbali zaidi. Kule Mongolia, kwenye baridi na mahema, wako watu wazima wenye heshima zao walioitwa na wazazi wao majina yenye maana ya "hana jina", "si huyu", na hata "si mtu". Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na watoto waliotangulia kufa. Nenda kwa Wayoruba, kuna jina linalosema "hakuna jembe". Jembe gani? La kuchimbia kaburi. Mtoto anaambiwa kwa jina lake kwamba hata ukitaka kufa, hatuna cha kukuzikia, kwa hiyo kaa. Nenda Ghana, kwa Waakani, kuna watoto walioitwa Sumina. Mnajua Sumina ni nini? Ni jalala. Watu hawa hawakuandikiana. Hawakukaa semina. Mama wa theluji na mama wa migomba walifika mlango mmoja, wakasema neno moja, kwa sababu walikuwa na hofu moja. Na wewe na mimi, ambao tulizaliwa zahanati ikiwa karibu na chanjo ikiwa kwenye friji, tumepata wapi ujasiri wa kuwacheka?

Sasa nifunge, na hapa ndipo sitaki mtu atoke nje kwenda kupokea simu.

Jumapili iliyopita tulikaribisha wageni, mwaka wa kwanza. Mnakumbuka. Tuliwasimamisha mmoja mmoja na kuwapa kipaza sauti. Safu ya tatu kutoka mbele, upande wa dirisha, alisimama binti mmoja mwembamba mwenye blauzi ya kijani. Akasema, Bwana asifiwe, naitwa Machozi.

Nani alianza? Sitataja. Ilianzia nyuma, kicheko kidogo cha puani, halafu mtu akauliza kwa sauti kama tumpe leso, na hapo ukumbi mzima ukaanguka. Kwaya ilicheka. Wazee wa kanisa, wageni wetu wa siku ile, walicheka. Na kaka aliyeshika kipaza sauti, ambaye nampenda na yuko hapa, alifuta macho yake akasema, "Dada, hapa kwetu hatuna machozi, hapa tutakuita Furaha." Tukapiga makofi. Tukaona tumemkaribisha. Yule binti alitabasamu, akakaa, akaangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Kile kiti kiko wazi leo. Geukeni mkione. Hakuna aliyekikalia, hata nyinyi mliochelewa mkasimama ukutani hamkukikalia, nadhani mioyo yenu inajua ni cha nani.

Nilimfuata hosteli katikati ya wiki. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Aliniambia tu kwamba Jumapili ile alipotoka hapa alimpigia mama yake simu. Hakuwahi kumuuliza kabla, lakini siku ile alimuuliza kwa ukali kwa nini alimpa jina la kuchekwa na watu. Mama yake akasema kuna mtu mlangoni, akakata simu. Tangu hapo mama hapigi, na binti hajui aanzeje kupiga.

Ibada yetu ndiyo iliyofanya hivyo. Tulimchukua binti aliyefika hapa na mama yake mzima, tukamrudisha chumbani bila mama. Kule kijijini ilichukua miaka mingi ya kuchekwa, chuo, na ukumbi wa zambarau, mpaka binti akasema hapa hakuna. Sisi tulimaliza kati ya wimbo wa pili na matangazo. Sijui kwa nini aliitwa Machozi. Sikumuuliza, sikuwa na haki hiyo. Ninachojua ni kwamba kuna mwanamke mahali fulani aliyelilia kitu, akampa binti yake jina la kile kilio, akamleta mpaka geti letu. Na sisi tulikuwa walinzi, tukamwambia jina hilo humu halipo.

Kwa hiyo leo, baada ya ibada, hatuendi kwenye chai. Tunakwenda hosteli. Msibebe zawadi, wala msibebe gitaa. Tutagonga, na akifungua, mtu mmoja atamwita jina lake kwa uso ulionyooka, kisha tutamwomba msamaha, naye akitaka kutufungia mlango ni haki yake.

Lakini tutafika pale na mdomo ambao haujazoea. Basi tujizoeze. Hapa hapa, kabla ya baraka, tuliseme wote kwa pamoja, kwa heshima, kama tunavyosema jina la mtu tunayemhitaji. Nikihesabu tatu.

Moja. Mbili. Tatu.

Machozi.

Mbona sauti imekuwa ndogo hivyo? Jumapili iliyopita mlisikika mpaka barabarani.

Tena.